Shimo Lililofungwa Nikiwa Ndani

Mgeni rasmi alipotamka kwamba shimo limefungwa, mimi nilikuwa ndani yake. Maji kifuani, nimekumbatia mgomba, nasikia makofi.

Nirudi nyuma. Kampuni ilichimba moramu ya barabara kwenye rweya, yale malisho ya wazi nyuma ya kibanja chetu pale Izigo, mpaka shimo likafika miguuni pa kaburi la tata, baba yangu. Sisi Wahaya tunazika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani. Kaburi ndilo linalosema kibanja ni cha nani. Msimamizi wa machimbo akaahidi mbele ya wote: tutafukia, tutapanda, kaburi halitaguswa. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyemuoa dada yangu, akashuhudia, na nyama ya mbuzi akala.

Wakaondoka. Mvua ikajaza shimo. Siku tuliposikia mgeni anatoka Bukoba kuja kuona ardhi iliyoponywa, malori yakarudi. Hayakuleta udongo wa kufukia. Yalileta matete, yakamwagwa juu ya maji, udongo ukanyunyizwa kama chumvi. Msimamizi akaagiza migomba kutoka Kanazi, ikaja imekatwa bila mizizi, ikachomekwa kama mishumaa ya kanisani. Kisha wakawapa majirani zangu majani makavu, yale ya kufunika udongo migombani. Na Mhaya ukimpa majani atatandaza tu, hata kama chini ni ziwa. Walitandaza vizuri mno, ukingo ukapotea.

Hotuba zikiendelea chini ya turubai, nikachepuka kwenda kuliangalia kaburi. Nikakanyaga ninapokanyaga siku zote. Nikazama. Mgomba ule, kwa kuwa hauna mizizi, ukaelea, nikaushika. Wangepanda kwa haki ningekufa.

Nikaita. Mwenyekiti akaja, akachuchumaa kwa mbali, suti isichafuke.

"Shemeji, vumilia. Mgeni bado anasoma."

"Nazama, waitu."

"Basi zama polepole. Usituaibishe."

Walinivuta kwa kamba baada ya watu kunywa soda. Mguu wa kushoto uliumia, haujawa mguu tena. Wiki ileile kaburi la tata likateremka shimoni, sementi na msalaba wake. Sasa kampuni inasema kipande kile ni chake, na shemeji yangu anataka nilete uthibitisho kwamba palikuwa na kaburi. Yeye aliyebeba jeneza.

Msimamizi, na wewe mwenyekiti, nawauliza ninyi wawili: tata yuko wapi? Nipo upande huu, nimekaa. Kama shimo limefungwa, katizeni juu yake mje mnijibu.