Bunduki Niliyoishika Kama Yai

Nianze na upumbavu wenyewe tusije tukasumbuana mbele: mimi nilinunua bunduki kwa sababu ya uvivu. Wenzangu hununua kulinda maduka yao, wengine kwa sababu baba zao walikuwa nazo, mimi nilinunua shotigani ili nisikae tena kwenye dungu, na kama ningebaki kwenye dungu langu leo ningekuwa napita njia ya kanisani bila watu kujifanya wanalala chini nikiwasalimia.

Hapa kwetu Mbuji mahindi yakianza kubeba, nyani huteremka kutoka msituni na familia zao nzima, asubuhi mapema kama wafanyakazi wa serikali wa zamani, na wasipokuta mtu shambani wanavuna bila haraka, wanaonja hindi hili, wanalitupa, wanaonja lile. Kwa hiyo kila nyumba ina zamu ya kutoa mtu wa kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu katikati ya shamba, apige debe mpaka jua lishuke. Sasa mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda baraza yangu, redio yangu na kahawa yangu (watu wanasema Wamatengo tunalima kahawa lakini hatuinywi, basi mimi nainywa kwa niaba ya wote), na kwenye dungu hakuna kimojawapo, kuna ukungu, kuna mvua inayoingia kwa ubavu, na kuna siafu ambao sijui nani aliwaelekeza njia ya kupanda.

Ndipo siku moja kwenye jumuiya, baada ya sala, nikasimama nikasema jamani, kwa nini watu wazima tupige madebe kama watoto, mimi nitanunua bunduki ya kisasa, ile ya kuvuta na kupiga, kuvuta na kupiga, nyani wakija mniite tu nyumbani, nitakuja nipige hewani mara mbili tatu na habari itakuwa imekwisha, na zamu za dungu tuzifute. Watu walipiga makofi. Mama Kolumba peke yake hakupiga. Huyu ni jirani yangu wa bonde la pili, mumewe anavua samaki huko Mbamba Bay na hurudi kwa nadra, na shamba lake ndilo la mwisho kabisa, limegusana na msitu, na watoto wanne wanalitegemea hilohilo mwaka mzima.

“Baba Frola,” akaniuliza, “una uhakika?”

“Mama, wewe lala usingizi,” nikamjibu. Neno hilo huwa nalikumbuka nikiwa naoga.

Vibali nilihangaikia, kijiji, kata, wilaya, sitawachosha, vikatoka. Nikasafiri mpaka Dar kwenye duka la silaha (mimi, mtu ambaye kwenda Mbinga mjini namuaga mke wangu kama nakwenda Ulaya), na muuzaji akanitolea bunduki mbili akaziweka mezani. Ya kwanza ilikuwa ile yenyewe, ya kampuni ya siku nyingi ambayo kila mtu anaiiga, kuukuu, mbao zake zimepauka pale mashavu ya wenyewe yalipoegemea, lakini ukivuta mkono wake, ule wa chini ya mtutu, unateleza kama umepakwa samli. Ya pili ilikuwa mpya, nyeusi, inang’aa, imetoka kiwanda cha nje ambacho jina lake sikuweza kulitamka, imefanana na ile ya kwanza kama pacha, na bei yake haifiki nusu.

“Tofauti yake nini?” nikauliza.

“Ni ileile, kasoro jina.”

“Na ikinigomea?”

“Mzee wangu, kwani unakwenda vitani?”

Nikacheka, nikaona nina akili kuliko wote wanaolipia jina, nikanunua pacha.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa maana watu wanadhani kosa ni kununua, hapana, kosa lilianzia nyumbani. Ile bunduki ilikuwa nzito kuivuta, inakwaruza ndani kwa ndani kama droo ya kabati lililonyeshewa, na mimi kwa kuwa najua bei yake nikajiambia, Damasi, kitu rahisi hiki, ukikivuta kwa nguvu utabaki na mkono mkononi. Basi nikawa naivuta polepole, kwa heshima, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Nikaifunga kwa kanga ya mke wangu. Nikaipaka mafuta kila jioni. Kuipiga hata mara moja sikuipiga, risasi zenyewe zina bei na askari aliyenisajilia alinishauri nirudi nikaijaribu kwenye uwanja wao, nikasema nitakuja afande, lakini siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Jumapili moja, watu ndiyo kwanza wametoka ibadani kigangoni, mimi nimeshakaa barazani nimevua viatu, nikasikia sauti ya Mama Kolumba inavuka bonde: “Baba Frolaaa! Wamekujaaa!” Kwa jinsi milima yetu ilivyokaa, mtu akiita ng’ambo wanasikia wote, na wote wakaamua kwenda kuangalia. Nikatoka na bunduki yangu, nyuma yangu mke wangu, nyuma yake Katekista Zeno akiwa bado na kanzu yake nyeupe, nyuma yake kina mama na sare zao za jumuiya zilizopigwa pasi. Nilitembea taratibu. Sitaficha, nilifurahia.

Wageni wasiojua shamba la Kimatengo waelewe kwamba mteremko wote ni mashimo, ndiyo ngoro zetu, shimo baada ya shimo kama sega la nyuki, mahindi yanasimama kwenye matuta yanayozunguka, na mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni badala ya kubeba udongo. Na ilikuwa imenyesha wiki nzima.

Nikasimama kwenye tuta katikati ya shamba la Mama Kolumba, nikaelekeza mtutu juu, nikapiga. Jamani! Mlio ulikwenda ukagonga mlima wa pili ukarudi, nyani wakatimka, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikajikuta nimekaa ndani ya shimo, maji yamenifika kiunoni, bunduki mkononi bado inaangalia mbinguni. Nikainuka kama mtu aliyekusudia kukaa. Nyani walifika ukingoni mwa msitu wakasimama, wakageuka kutuangalia, kwa maana nyani wa kwetu wamezoea gobole, linapiga mara moja halafu mwenyewe anaanza kushindilia baruti, wanajua wana nafasi. Nikasema moyoni, leo mtajua hii siyo gobole. Nikavuta mkono wa bunduki.

Nikauvuta kama nilivyozoea, polepole, kwa heshima.

Ukafika katikati ukagoma. Ganda la risasi niliyopiga halikutoka, risasi mpya imeshapanda, zimekutana mlangoni kama watu wawili wanene, haendi huyu wala harudi yule. Nikasukuma, wapi. Nikavuta, wapi. Kitufe cha usalama nacho nikasahau kikionyesha rangi nyekundu maana yake ni salama au ni hatari. Nikageuka kumwuliza Katekista, maana aliwahi kupita mgambo, na nilipogeuka bunduki nayo ikageuka, na mstari mzima wa waumini ukaanguka chini kama umekatwa na nyengo.

“Samahani jamani!” nikasema, nikageukia upande wa pili kuwaomba radhi wale wengine, nao wakaanguka.

“Damasi!” Ilikuwa sauti ya Katekista kutoka shimoni, kanzu imekuwa rangi ya udongo. “Usigeuke! Tazama mbinguni, na bunduki nayo itazame mbinguni!”

“Baba Frola, ibwage chini twende zetu,” mke wangu akasema.

“Asiibwage!” Katekista akapaza sauti. “Ikianguka italia yenyewe!”

“Basi aishike mpaka lini?”

“Mpaka aje afande!”

Afande wa kata alipopigiwa simu alikuwa upande wa Kitura, na njia ilikuwa utelezi. Nikasimama. Sijui kama mmewahi kusimama katikati ya shamba la mtu mmeinua bunduki kama mshumaa wa Pasaka, kijiji kizima kinakuangalia kutoka kwenye mashimo, kila ukitaka kukohoa wanajifunika vichwa. Mke wangu akaona nitaanguka kwa njaa (nilikuwa sijala), akaagiza ugali na maharage kutoka nyumbani, akasimama nyuma ya bega langu akawa ananilisha tonge moja moja mbele za watu.

“Fungua mdomo.”

“Mke wangu, watu wanaona.”

“Ulitaka wakuone. Fungua mdomo.”

Na nyani, walipoona sasa kimya kimekuwa kirefu, wakarudi. Wakaketi sehemu ya juu ya shamba, wakawa wanamenya mahindi huku wananiangalia, yule dume lao akitafuna taratibu kama mtu aliye kwenye harusi. Mama Kolumba akapanda peke yake akiwarushia mabonge ya udongo. Hakunitazama, hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana, kwa sababu kila hindi lililovunjika nilikuwa nalisikia kwa sikio langu, na nilijua ni sufuria ya nani.

Afande alifika pikipiki imejaa matope, akatembea mpaka nilipo, akaichukua bunduki mikononi mwangu, akaielekeza kwenye udongo mtupu, akashika mkono wake akauvuta kwa nguvu zake zote, kraa, kama anayevunja kuni. Ganda likaruka, risasi ikatoka. Ilichukua muda mfupi kuliko kuihadithia.

“Nani alikwambia uivute kama unabembeleza mtoto?”

“Nilikuwa naitunza, afande. Ni ya bei rahisi.”

“Hii ndiyo haitaki kubembelezwa.” Akachungulia chemba, pale risasi inapokaa, akapitisha kidole. “Humu ndani wameacha mikwaruzo, ganda linang’ang’ania. Ile ya zamani ingekusamehe. Hii haisamehe. Risasi ngapi ulishapiga kuijaribu?”

Nikamwonyesha kidole kimoja, ile ya leo.

Watu wakacheka kutoka mashimoni, kicheko kirefu cha bonde zima, hata mke wangu.

Kwa hiyo marafiki wanaoniuliza (na mnaniuliza sana siku hizi, nashangaa mlikuwa wapi kabla sijanunua) kama hizi nakala za bei rahisi zinafaa, nitawajibu bila kumsingizia mtu. Chuma chake ni chuma, inapiga, bega langu ni shahidi. Lakini ile bei uliyookoa dukani haijaokoka, inakusubiri mbele: itakwenda kwa fundi wa kulainisha chemba, itakwenda kwenye risasi za kuizoesha uwanjani mpaka ilegee, na kama huna nia ya kuyalipa hayo basi bora ununue kuukuu yenye jina, hata kama imepauka. Na kubwa zaidi, kitu ukikijua ni rahisi unakishika kama yai, na bunduki ya kuvuta ukiishika kama yai inakuaibisha. Mimi mwenyewe nimeapa sitaahidi tena kulinda shamba la mtu kwa chombo ambacho sijakiamini mwenyewe, na zamu za dungu zimerudi, na ya kwanza nilijipangia mimi.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Kolumba. Nilimkuta shambani anasimamisha mabua yaliyolala, moja moja, anayakandamizia udongo kwa kisigino. Matuta yalikuwa yamebomoka huku na huku, alama za viwiko na magoti ya waumini kila mahali. Nikamwambia pole mama, nikamwambia mahindi yangu yakikomaa nusu ni yako, nikaongeza hili na lile, yeye akaendelea na mabua yake. Mwishowe akanyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye kanga, akaniangalia.

“Nyani wamekula huko juu tu, wakashiba, wakaondoka. Huku chini kote mmelala ninyi, na aliyewalaza ni wewe. Kesho asubuhi uje na jembe, Baba Frola, uje mwenyewe, usimtume mkeo.”