Diski Iliyobakisha Hotuba Yangu

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kibomet, Kitale, na ukutani dukani mwangu nimebandika karatasi inayosema: nakili kwanza, tengeneza baadaye. Niliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wateja wasiosikia.

Diski yangu ilipoanza kukwamakwama, nilijua ina sehemu zilizoharibika. Ndani yake mlikuwa na video za mpwa wangu wa Bungoma siku alipotahiriwa: njuga zikilia, shangazi zake wakiimba, yeye amesimama wima uani alfajiri bila kupepesa jicho. Mpiga picha nilikuwa mimi. Dada yangu, mama wa kijana, alikuwa akiniomba nakala tangu Agosti, nami nikimjibu kwamba vitu vya fundi havipotei.

Fundi mwenye akili angenakili kilichosomeka. Mimi niliifungulia diski ile mbovu programu ya ukarabati, ikaanza kuipekua sehemu moja moja na kuzidi kuiharibu, nikaenda zangu kunywa chai. Siku ya pili faili lililokubali kufunguka lilikuwa moja tu. Ni hotuba yangu kwenye karamu, kamera nimeiegemeza kwenye sufuria, dakika ishirini na mbili nikiwashauri vijana wawasikilize wataalamu.

Niliipeleka Bungoma hivyo hivyo. Dada yangu aliitazama mpaka mwisho, akazima runinga.

“Mtoto wangu hawezi kutahiriwa mara mbili,” akasema. “Lakini hotuba, wewe si ungetupatia ingine hata bila kuombwa.”