Mlango Uliomezwa na Rangi

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, naikumbuka kwanza kwa mwanga wake. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi huko Kharumwa, vumbi jekundu likiwa limeelea hewani bila kutua, na ndani ya chumba kipya mama yetu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, akiutazama ukuta kama mtu anayetazama mbali sana, ng'ambo ya mbuga. Ukuta wenyewe angeweza kuugusa. Nilisimama mlangoni nikamwamkia. "Shikamoo, Mayu." Hivyo ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Akageuza uso kuelekea dirishani, akalijibu dirisha: "Marahaba, baba. Umeamkaje?"

Nilidhani ananitania.

Naanzia hapo kwa sababu kijana mmoja wa ukoo wetu, anayejenga Geita, amenitumia picha kwenye simu. Ni picha za vyumba vya ndani, na anauliza ni rangi ipi iliyo nafuu. Vyumba vyote katika picha hizo ni vyeupe pe: kuta nyeupe, milango myeupe, dari nyeupe, mapazia meupe, mfano wa stoo ya dawa. Sikumjibu siku hiyo. Nilikasirika, na mtu aliyetumikia ofisi ya umma mpaka akastaafu hajibu barua akiwa na hasira. Ninamjibu sasa, nawe unaweza kusikiliza, kwani huenda nawe una chumba kinachosubiri rangi na mfuko usiotosha.

Lipo pia suala la kuweka kumbukumbu sawa. Kaka yangu Masanja hukisimulia kisa hiki kila tukutanapo kwenye harusi, na katika masimulizi yake mkosaji ni mimi peke yangu. Watu hucheka, naye huongeza chumvi. Maelezo hayo hayajakamilika, na mtu akiyarudia mara nyingi yatageuka kuwa historia ya familia. Nitaeleza sehemu yangu kwa ukamilifu, na yake kwa ukamilifu uleule.

Baba yetu alipofariki, mama alibaki peke yake Didia, katika nyumba ya udongo aliyoingia akiwa bibi harusi. Nyumba ile nikiifikiria sasa hunijia kama kitu nilichokiona usingizini. Ndani yake kulikuwa na ubaridi na harufu ya mvua hata wakati wa jua kali. Kila baada ya mavuno mama aliisiliba upya kwa viganja vyake: juu aliweka udongo mweupe wa kando ya mto, na chini, mpaka usawa wa kiuno cha mtoto, aliweka udongo mweusi wa mbuga uliokandwa kwa samadi. Weusi ule ulipanda ukazunguka mlango mzima, ukapanda pia kando ya dirisha. Sisi watoto tuliona ni urembo. Tulilala tukiuangalia mlango ule mweusi ukiwa umebeba kipande cha mbingu katikati, na nyota moja moja ikipita.

Lakini kuta zilianza kuanguka, kisima kilikuwa mbali na hakikuwa na kizuizi, na hakukuwa na mtu wa kumpasulia kuni. Masanja alikuwa Kharumwa akichimba. Duara lake, yaani shimo la dhahabu alilokuwa akilichimba na wenzake, likampa kitu. Si utajiri, ila kilitosha kujenga nyumba ya matofali na kumwekea mama chumba chake. Mimi nilikuwa karani kijana Shinyanga mjini, mshahara wangu ukiisha kabla ya mwezi. Tukakubaliana hivi: Masanja ajenge, mimi nilete rangi.

Sasa naandika sehemu yangu. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikiwa nimepiga hesabu zangu. Muuzaji alinionyesha kikaratasi cha rangi, nikachagua ile ya maziwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na ndoo kubwa kwa bei ya kupunguziwa.

"Chukua ndoo kubwa, ndugu yangu," alisema. "Vikopo vidogo vinakula hela. Na ya chini je?"

"Ya chini ipi?"

"Ya chini ya ukuta. Watu huweka kahawia ya mafuta, uchafu usionekane."

"Mama yetu si mchafu," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. "Haya, mkubwa," akasema, akanifungia ndoo.

Niliondoka nimefurahi. Nilikuwa nimeokoa bei ya kopo zima, na nilirudia hesabu hiyo njiani kama mtu anayeimba. Ukuta wote ukapakwa maziwa, kutoka dari mpaka sakafuni. Sehemu yangu ndiyo hiyo. Mlango, mwanangu, mimi sikuugusa. Uliachwa na rangi ya mbao yake, hudhurungi iliyokolea, na laiti ungebaki hivyo leo nisingekuwa na kisa.

Sehemu ya Masanja ni hii, ambayo huiruka kwenye harusi. Alirudi kutoka machimboni, akasimama katikati ya chumba, akashika kiuno. "Bwana Karani, umepaka vizuri, lakini huu mlango umekaa kama wa ghala la pamba. Mtu aliyetoboa maisha hawezi kumlaza mama yake nyuma ya mlango wa ghala."

"Hakuna fedha ya mlango," nikamjibu.

"Wewe hata jua lingekuwa linauzwa ungenunua la asubuhi tu kwa sababu ni dogo." Akatoka, akarudi na rangi ya mafuta, ya gharama, rangi ileile ya maziwa. Akapaka mlango, akapaka fremu, akapaka mpaka komeo. Mkewe, Mama Kulwa, akatundika pazia jeupe la kimia. Mchana jua lilipoingia, chumba kizima kiliwaka kwa upole, hakikuwa na kona wala ukingo, kana kwamba mtu amesimama ndani ya wingu. Lazima nikiri kwamba kilikuwa kizuri sana.

Mama aliletwa. Alipapasa kuta, akatushukuru, akatubariki kwa Kisukuma, tukaona kazi yetu imekwisha.

Kisha yakaanza mambo ambayo Mama Kulwa alinieleza nilipokuja kutembea. Mama hatoki chumbani mpaka afuatwe. Akiitwa kula anasema, "Nileteeni hapahapa, pazuri hapa." Maji ya kunywa ameyapunguza, na jioni hayagusi kabisa. Na sasa amefunga nguo zake kwenye kitenge, fundo liko juu ya kitanda, anataka kurudi Didia.

"Kurudi Didia kufanya nini?" Masanja aliuliza. "Kuangukiwa na ukuta? Shemeji yako nimemwambia labda ni harufu ya rangi."

"Harufu ya rangi yangu ilikwisha siku nyingi," nikasema. "Kama ipo, ni ya mafuta yako."

"Rangi yako ya bei ya kutupa ndiyo inayomuumiza kifua."

Tuliendelea hivyo, watu wazima wawili uani, kila mmoja akiitetea rangi yake, na mama yetu yuko ndani amekaa na fundo lake la nguo akituelewa kila neno. Ninapoyasimulia haya hasira hunipanda mpaka leo, na sina wa kumlaumu ila sisi wawili.

Kesho yake asubuhi ndipo nilipomwamkia akajibu dirisha. Kabla sijatafakari, Masanja aliingia nyuma yangu akasimama ghafla. Kuzunguka fremu ya mlango, juu ya ile rangi ya gharama, kulikuwa na michirizi myeusi. Ilipanda upande mmoja, ikafika usawa wa uso wa mtu mfupi, ikashuka upande wa pili. Zilikuwa alama za vidole.

"Nani amefanya hivi?" Masanja alisema. "Mama Kulwa, watoto wameingia humu?"

"Watoto hawajaingia," mama akajibu kutoka kitandani. "Ni mimi."

Akaitoa mikono yake juu ya magoti akatuonyesha. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa masizi. Alikuwa amemwomba Mama Kulwa chungu kilichotoka jikoni, akisema anataka kukisugua apate kazi ya mikono. Masizi ya kitako chake ndiyo aliyoyapaka mlangoni.

"Mmenijengea vizuri, wanangu," alisema, polepole, kama anayeelezea ndoto aliyoamka nayo. "Ila mmenitia ndani ya maziwa. Nikifumbua macho ni maziwa, nikigeuka ni maziwa. Naamka naelea. Mlango nauacha hapa jioni, asubuhi sijui mmeupeleka wapi. Natembea na ukuta mpaka nafika kwenye kona, narudi kukaa. Jioni maji siyanywi, nisije nikahitaji kutoka usiku."

"Mayu," Masanja alisema, "macho yako…"

"Macho yangu yalianza kuniaga baba yenu akiwa hai. Didia sikuyahitaji sana. Kule mlango ulikuwa mweusi na niliupaka mwenyewe. Hata ukungu ukija, weusi naujua."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie mnishike mkono kama ndama anayepelekwa mnadani? Nilikuwa nikisubiri mniulize. Mlikuja na ndoo, mkaja na kopo, mkagombana uani kuhusu ndoo na kopo. Anayelala humu hakuulizwa."

Ile nuru nyeupe ilikuwa bado imejaa chumbani, laini, isiyo na mwisho, na kwa mara ya kwanza nikajaribu kuiona kama alivyoiona yeye. Nilifumba macho nusu. Kitanda kikayeyuka, pazia likayeyuka, na mlango ambao nilikuwa nimetoka kuupita sikuuona. Kilichobaki kilikuwa alama zile za masizi, nyembamba, zikiwa zimesimama katikati ya weupe kama nguzo mbili za boma linaloonekana kwa mbali.

Tulikwenda dukani pamoja, mimi na Masanja. Tukanunua kopo moja dogo la rangi ya mafuta, kahawia nzito inayokaribia weusi, ile niliyoikataa. Hatukuita fundi. Masanja alipaka mlango na fremu, mimi nikapaka chini ya ukuta kutoka kitandani mpaka mlangoni, na mama amekaa juu ya kigoda akituelekeza.

"Karani, unapaka kama unaandika barua," aliniambia. "Unenepeshe huo mstari. Mimi sisomi, naangalia."

"Mwambie, Mayu," Masanja akadakia. "Anaibania hata rangi niliyoilipia mimi."

"Na wewe nyamaza, uliyeficha komeo."

Jioni rangi ilipokauka, jua lilikuwa limeshuka, chumba kimekuwa cha dhahabu badala ya maziwa. Mama alikaa muda mrefu ameuelekea mlango. Kisha akainuka. Hakunyoosha mkono. Alitembea wima, kanga yake ikipepea taratibu, akaufikia mlango, akaupita katikati kabisa, akatoka mpaka barazani. Tulimsikia akimwamkia jirani kwa Kisukuma, sauti yake ikiwa juu, sauti ya Didia. Baadaye kidogo akaita kutoka nje: "Mama Kulwa, hizo nguo kwenye kitenge zirudishe sandukuni, zitajikunja."

Hospitali tulimpeleka baadaye, na nuru iliyobaki ilitunzwa ingawa iliyokwisha kuondoka haikurudi. Lakini aliishi chumbani mle mpaka mwisho wa siku zake, akiingia na kutoka mwenyewe, na kila mlango ule ulipochakaa Masanja aliupaka upya kwa rangi ileile. Hilo ninaliandika kwa haki, ili sifa yake nayo isipotee.

Sasa nasaha zenyewe, mwanangu. Fedha ikiwa ndogo, usianze na muuzaji. Anza na atakayelala humo. Mkalishe chumbani kabla ya rangi, asubuhi na tena jioni, umuulize anaona nini na anaogopa nini. Swali hilo halitozwi. Kikaratasi cha dukani kinaonyesha rangi ikiwa chini ya mwanga wa duka, basi nunua kidogo kwanza, paka kipande cha ukuta, ukitazame siku nzima jua likizunguka. Usipake plasta ambayo haijakauka, na fundi asizidishe maji kwenye ndoo ili ionekane imetosha, kwa maana utainunua rangi hiyo mara ya pili. Kwa kuta za juu, rangi ya maji inatosha na hakuna aibu ndani yake. Weka akiba yako hapo. Lakini chini ya ukuta, ambapo mikono na migongo hupita, na mlangoni, ambapo kila aishiye humo lazima apaone, hapo usibane. Kukosekana kwa kopo dogo la rangi nzito, nililoliona la ziada, ndiko kulikotaka kumrudisha mama yangu kwenye nyumba inayoanguka. Na ukigawana kazi na ndugu yako, zungumzeni rangi kabla ya kununua. Sisi kila mmoja alifanya nusu ya kosa, na nusu hizo zilipokutana ziliufunga mlango.

Masanja akiyasoma haya atasema nimeipunguza sehemu yangu. Sijaipunguza.

Nakuombea, mwanangu, upate nyumba isiyovuja na mfuko usiokauka kabla ya mkono wa pili wa rangi. Wazazi wako wazeekee ndani yake bila hofu, na siku macho yao yatakapochoka, Mungu awajalie kuuona mlango wako wakiwa bado kitandani.