Hodi kwa Fundi wa Wafu

Kinachonijia kwanza ni harufu: ule moshi mtamu wa mashine za ukungu, umechanganyika na bisi za siagi, ukitupokea getini kabla hata hatujaonesha tiketi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tukikaa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, ambako baba, Mzanzibari aliyekuja kwa mkataba, alipima damu katika maabara ya hospitali. Mwaka ule tukasikia kwamba Riyadh kumefunguliwa bustani ya michezo yenye nyumba tatu za kutisha, na kwamba hazikuiga filamu yoyote. Kila moja imetungiwa kisa chake. Ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani anayewashonea wafu, ya pili hospitali ya wanasesere, ya tatu skuli iliyomezwa na mchanga. Wiki nzima sikula vizuri kwa kiherehere. Mama hakutaka kabisa, akisema nitaweweseka usingizini, ndipo baba akatoa sharti lake: "Ukipiga ukelele mmoja tu, halas, imekwisha, twarudi zetu hoteli." Nikaapa. Nilizitaka zote tatu, na hasa ile skuli.

Siku tulipofika Riyadh, jua lilipotua tu nikawa wa mbele kwenye foleni ya nyumba ya fundi. Baba alikwenda kunisubiri mlango wa kutokea, mdogo wangu kamlalia begani. Niliingizwa pamoja na vijana wawili wa Kisaudi, ambao waliona pazia likitikisika wakatimua mbio huku wanacheka, wakaniacha. Mbele yangu palikuwa na mlango wa mbao umefungwa, na nyuma yake cherehani inanguruma. Hapo malezi yakanizidi nguvu. Kwetu huingii nyumba ya mtu kimyakimya, hata awe anashonea wafu. Nikagonga, nikasema, "Hodi!"

Cherehani ikanyamaza. "Karibu!" ikajibu sauti ya mwanamke, kisha ikashtuka yenyewe: "Ala! Nani huyo?"

Mlango ukafunguka. Alikuwa na uso wa kijivu, macho mekundu, na sindano kubwa imepenya shavuni, naye anacheka mpaka sindano inacheza. Kumbe ni dada wa Kenya, lafudhi yake ilimtaja! Hofu yote ikaniruka, nilitaka kumkumbatia. Lakini alitupa jicho nyuma, kicheko kikamkauka.

"Mtoto mzuri, nipigie nduru," alininong'oneza. "Supavaiza anaskiza hapo nyuma. Tangu tufungue leo hakuna mtu ameogopa, wanacheka tu. Amesema asiposkia nduru ananirudisha kufagia."

Nikakumbuka sharti la baba. Niliiona ile skuli ya mchangani ikienda zake, na roho iliniuma kwelikweli. Kisha nikajaza kifua, nikapiga ukelele ambao sijaupiga tena maishani, nikaongeza wa pili kwa bashasha, na dada naye akanguruma juu yake, tukawa tunashindana. Nilitoka nje mbio, nimejaa raha. Baba alikuwa amesimama, kashika viatu vya mdogo wangu. "Halas," akasema. Tukarudi hoteli.

Sikumwambia baba kitu juu ya yule dada, nikihofia habari isije ikamfikia supavaiza. Siku hizi nyumba za kutisha nimeziingia nyingi, kwa tiketi niliyojinunulia, zenye mitambo ambayo wakati ule haikuwepo. Natoka nimeridhika, basi. Baba naye, akipata wageni, lazima awahadithie habari za binti yake mwoga, aliyepiga kelele Riyadh mpaka walinzi wakaja mbio. Wageni hucheka. Mimi huwaongezea chai, nacheka nao, na sijawahi kumsahihisha.