Darasa la Mama Chapa

Jina la Mama Chapa hakupewa kwa hisani. Alipiga chapa ofisini tangu usichana hadi mvi zikamwingia, na alipostaafu akageuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa darasa. Meza za mbao, kompyuta tatu kuukuu zilizotupwa na ofisi fulani, na yeye mlangoni akikagua kucha za wanafunzi. Kucha ndefu na kibodi, alisema, ni paka na panya.

Zile kompyuta zilikuwa na uvivu wao. Ukiziwasha, unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi ukazikuta bado zinapiga miayo. Lakini ndani yake mlikuwa na programu ya kufundisha kuchapa. Herufi inatokea kwenye kioo, mwanafunzi anabonyeza. Akikosea inalia, akipatia inamsogeza mbele. Mama Chapa aliipenda kwa kuwa ilimpumzisha koo. Yeye alibaki kuzunguka nyuma ya viti akinyoosha viganja vya watu.

Hata hivyo, mara nyingine alikumbuka chumba alichojifunzia yeye. Taipureta zimepangwa safu kwa safu, mwalimu anatamka herufi kwa sauti, na darasa zima linapiga kwa pamoja, kisha kengele za mwisho wa mstari zinalia karibu wakati mmoja. Kelele ile aliipenda, jamani! Aliipenda kuliko muziki.

Basi siku moja mtoto wa kaka yake, fundi kompyuta, akaja kumtendea wema. Alizifuta zile mashine zote akaziwekea mfumo mpya wa kuziendesha, uitwao Linux.

"Shangazi, sasa zinapaa!"

Kweli zilipaa. Ila programu ya kuchapa ilikuwa imefagiliwa pamoja na vumbi.

"Usihofu, duka la programu liko humu humu, na ni bure," alisema mpwa. Akafungua duka, akaandika jina la programu. Hakuna kitu. Akaandika tena. Shangazi mtu akamsukuma kando akaandika mwenyewe, maana yeye na kukosea herufi hawajuani. Hakuna. Mpwa akafungua kompyuta yake ya mkononi, na kwenye duka lile lile programu ikajitokeza na picha yake.

"Mbona kwako ipo?"

"Mashine zako ni za muundo wa zamani, shangazi, biti thelathini na mbili. Wenye programu siku hizi wanaitengeneza kwa ajili ya mashine mpya tu, za biti sitini na nne. Duka likiona mashine yako haiiwezi, halikuonyeshi hata jina."

"Yaani muuza duka ananitazama sura, kisha anaficha bidhaa?"

"Ndiyo hivyo." Mpwa alijikuna kichwa kwa aibu. "Niachie siku chache, nitaijenga mwenyewe ikubali mashine zako."

Siku chache! Wanafunzi walikuwa wanakuja kesho asubuhi, na mtaa wa pili kilikuwa kimefunguliwa chuo chenye kompyuta zinazong'aa. Akiwarudisha mara moja tu, hawaji tena. Tangu wanawe waolewe na kuhama, sauti za watoto wa watu katika chumba kile ndizo zilizomfanya aamke, aoge na avae viatu. Aliogopa kuwakosa, na hakujidanganya kuhusu hilo.

Asubuhi walipoingia, mmoja akauliza, "Mwalimu, programu yetu iko wapi?"

"Imesafiri. Fungueni ukurasa mtupu."

Alitandaza taulo za jikoni juu ya mikono yao ili wasichungulie vidole. Asiye na mashine aliambiwa apige mezani.

"Macho kwangu. A! S! D! F!"

Sauti ilitoka ikikwaruza. Akakohoa, akarudia. Vidole vikamfuata ovyo ovyo, kila mtu na njia yake. Alipoona wameshika mstari wa kati wa kibodi, akaacha herufi akaanza maneno: dada, kaka, lala, saka. Ile programu ilitoka ugenini. Haikuwahi kuwapa dada wala kaka, iliwapa marundo ya herufi tu.

"Mwalimu, nimeandika kaka bila kutazama!" alipiga kelele binti mmoja, na wenzake wakacheka.

"Mwandikie na dada, asione wivu. Haya, twende pamoja!"

Wakaenda. Mara ya tatu au ya nne, vidole vyote vikatua kwa pamoja, hata vile vya mezani. Mama Chapa akageukia dirisha akajifuta macho. Walipomuuliza, akasingizia vumbi.

Wiki iliyofuata mpwa alipiga simu, furaha imemjaa.

"Shangazi, imekubali! Nakuja kuiweka sasa hivi."

"Mungu akubariki, baba. Lakini njoo jioni," alimjibu, huku akitandaza taulo ya mwisho. "Sasa hivi wananisubiri, leo tunaanza mstari wa juu."