Balbu Zilizoruka Nyumba Yangu

Mzee wetu alipovuta stima bomani kwetu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, kila nyumba aliipa mita yake ili tusigombane. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Mke mwenzangu aliuza soda mlangoni kwake, na taa zake ziliwaka hata jua likiwa utosini. Mimi nilizima. Nikitoka chumbani kwenda jikoni tu, nilizima.

Siku moja watu wa stima walikuja na balbu za aina mpya, zinazokula stima kidogo. Walikuwa wakizigawa bure, za kujaribu. Walisoma mita yangu, wakasoma yake, kisha wakabeba katoni nzima wakaipeleka kwake. Balbu zake kuukuu wakazichukua, mpya wakamwachia zikiwa bado kwenye maboksi. Nilimwita mmoja wao, kijana aliyevaa tai.

"Na mimi?"

"Mama, kwako hakuna cha kuokoa. Balbu hizi ni ghali. Lazima tuziweke pale stima inapopotea, ndiyo gharama yetu irudi."

"Kwa hivyo ningewasha taa hadi kuku wakose usingizi, mngenipa?"

Akacheka. "Kwa hesabu yetu, ndiyo, mama."

Mimi sikucheka. Nilimwonea mwenzangu wivu. Mzee aliporudi nilimwambia kitu kipya kimeingia bomani kikaruka nyumba ya mikayi.

"Aa, si ni balbu tu?"

"Mbegu pia ni mbegu tu. Mbona kila msimu mnaningoja mimi nipande kwanza?"

Mzee akainuka. Akaenda kumwambia mwenzangu asiwashe hata moja kabla yangu. Giza likaingia, na zile kuukuu zilikuwa zimekwenda. Wateja wa soda walipita wakidhani amefunga. Nilisikia sufuria zake zikigongana huko gizani, nikafurahi.

Hatimaye alikuja na balbu moja mkononi.

"Mikayi, haya, washa. Nimemwaga mboga kwa sababu yako."

"Umemwaga kwa sababu hujazoea giza."

Nikapanda kitini, nikaifunga, nikawasha. Kumbe nyingine alikuwa amekwisha kuzifunga; kabla sijashuka vizuri alikimbia kwake akawasha, na ua wote wa upande wake ukawa mweupe. Mimi nilikuwa wa kwanza, lakini nyingi zilikuwa zake.

Baada ya mavuno watu wa stima walirudi kusoma mita. Matumizi yake yalikuwa yameshuka sana. Wakampa mkono, wakawaambia majirani waige mfano wake. Yangu yalikuwa palepale. Yangeshuka kwenda wapi? Miaka yote niliyozima taa, hakuna aliyenijia kunipa mkono.

Yule kijana wa tai aliniomba maji ya kunywa. Nilimpa maji. Chai akaitafute kule alikookoa stima.