Jiwe la Kimchi Juu ya Barafu

Kinyozi hakujua kutulia. Hata akimnyoa mtu, mkasi wake uliendelea kukata hewa pasipo na unywele, na hazikupita siku nyingi kabla hajamburuta rafiki yake Mansik kwenye mchezo mwingine aliouona kwenye televisheni. Walikwisha kupigana kwa panga za mianzi, vifuniko vya sufuria vikiwa ngao. Asubuhi hii walikuwa kwenye jaruba la mpunga lililoganda, na mawe ya kugandamizia kimchi, kabichi ya kuchachushwa, ambayo kinyozi aliyaiba jikoni kwa mkewe. Mmoja alitelezesha jiwe, mwenzake akafagia barafu mbele yake ili lifike mbali.

"Fagia, mzee! Unaibembeleza barafu ilale?" kinyozi alifoka.

"Na shemeji akitukuta?"

"Atafagia vizuri kuliko wewe."

Mansik alicheka, kisha akasema alilolificha tangu juzi: mwanawe anamhamishia Seoul, gari linakuja kesho. Alitaka kuambiwa "usiende" tu, naye angebaki.

Kinyozi alipangusa pua kwa mkono wa koti, akasukuma jiwe. Likateleza kidogo, likakwama katikati ya jaruba. Akampokonya Mansik ufagio, akainama, akafagia mbele ya jiwe hilo kwa nguvu zake zote, huku na huku, bila kuinua uso.

"Limesimama, ndugu yangu," Mansik alisema.

"Nani kasema? Lete ufagio wa pili!"

Mansik alimtazama mwenzake anavyohema. Kisha akavua glavu kwa meno, akatoa simu.

"Mwanangu," alisema, "kesho usije."